Si Kila Kinachobebewa Mavuno ni Kikapu

Katika kaunti ya Sussex Mashariki, kusini mwa Uingereza, hutengenezwa chombo cha mbao ambacho wenyeji hukiita trug. Ni chombo kipana kisicho na kina, umbo lake mfano wa mashua ndogo, chenye mkono mmoja uliopinda kutoka ubavu hadi ubavu, na vijiguu chini yake ili kisiyumbe kinapowekwa chini. Mtunza bustani hukipachika kwenye kiwiko, akakijaza nyanya, maharagwe mabichi, mayai au maua, na kwa kuwa hakina kina, tunda la juu haliliumizi la chini. Wasomaji wangu, walimu kwa wanafunzi, watauliza, nao wana haki ya kuuliza, mwalimu wa isimu ana neno gani na vyombo vya bustani za Waingereza.

Ninalo. Muhula mmoja nililitia jina la chombo hicho katika zoezi la tafsiri. Kifungu chenyewe kilikuwa chepesi: bibi mmoja yumo bustanini asubuhi, anachuma, anaweka katika trug, anarudi jikoni. Niliwaeleza wanafunzi umbo la chombo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikiona mara ya kwanza mkononi mwa mwenye nyumba niliyekodi chumba kwake nilipokuwa masomoni. Karibu wote waliandika kikapu. Wachache waliongeza kikapu cha bustani. Mmoja aliandika karai, na mwingine, kijana wa Kwale, aliandika chano. Tulipokuwa tukijadili majibu hayo, msichana aliyekaa mbele aliuliza swali ambalo halijaniacha hadi leo: kwani kuna tofauti gani, mradi vyote ni vya kubebea?

Nianze na chombo chenyewe, maana tofauti huonekana kwa anayekijua kitu jinsi kinavyotengenezwa. Fundi wa Sussex hutumia miti miwili. Ukingo na mkono hutoka kwa mchestinati, ambao hukatwa karibu na ardhi na kuachwa uchipuke upya, kisha machipukizi yake yaliyonyooka hupasuliwa kuwa pao nyembamba. Pao hizo hufukizwa kwa mvuke hadi zikalainika, zikapindwa kwenye kalibu, na aghalabu ganda la mti huachwa upande wa nje. Mbao za tumbo ni za mwerebi, na si mwerebi wowote, bali ule unaochongewa magongo ya kriketi. Mara nyingi ni mabaki ya kazi hiyo hiyo. Fundi hukaa juu ya benchi lenye kibanio anachokikaza kwa miguu, akaziparuza mbao kwa kisu chenye mipini miwili anachokivuta kuelekea kifuani mpaka ziwe nyembamba za kupindika. Huzipigilia kwenye ukingo kwa misumari midogo, ubao mmoja ukilalia ukingo wa mwenziwe, kama zinavyounganishwa mbao za baadhi ya mashua. Hakuna kusuka hata kidogo. Hapo tayari neno kikapu limeanza kuyumba, kwani kikapu chetu ni kazi ya kusuka: ukindu, miyaa, katani, fito.

Chombo hiki kilipata sifa kwa mtu aitwaye Thomas Smith, wa kijiji cha Herstmonceux. Alikipeleka kwenye Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, na huko Malkia Victoria akapendezwa nacho akaagiza vyake. Inasimuliwa kijijini humo kwamba Smith hakuthubutu kumwamini mtu mwingine na mzigo wa malkia, akaupeleka mwenyewe London kwa miguu, mwendo wa kilomita karibu mia moja. Kweli au chumvi, simulizi hiyo yaonyesha jinsi fundi alivyokithamini alichokitengeneza.

Jina lenyewe ni kongwe kumshinda Smith kwa karne nyingi. Wanaisimu hulirejesha kwenye neno trog la Kiingereza cha Kale, lililotaja chombo cha mbao chenye umbo la mashua. Neno hilohilo ndilo lililozaa jina la Kiingereza la hori la kunyweshea mifugo, na Wajerumani wanalo lao, Trog, lenye maana hiyo. Ukilifuata nyuma zaidi, hadi kwenye mzizi wa familia ya lugha za Kihindi na Kizungu, utalikuta ni ndugu wa neno la Kiingereza linalotaja mti. Yaani chombo kiliitwa kwa kile kilichochongewa. Trog wa kwanza alikuwa gogo lililochimbwa tumbo, zito. Alichofanya Smith na mafundi wa zama zake ni kukiunda kwa vipande vyembamba ili kibebeke kwa mkono mmoja siku nzima, na jina likabaki lilelile.

Hapo ndipo nilipomrudia kijana wangu wa Kwale. Chano ni nini? Ni chombo cha mbao, kipana, chenye ukingo mfupi, kinachochongwa kwa kipande kimoja cha mti na kuandaliwa chakula. Kwa asili na malighafi, hakuna neno la Kiswahili lililo jirani na trog wa kale kuliko chano. Kwa kazi ya bustanini, hata hivyo, chano hakifai: hakina mkono, wala hakibebwi kiwikoni. Mwenye karai naye hakukosa hoja, kwani hapa kwetu karai hubebewa kila kitu tangu saruji hadi mihogo. Ila karai ni bati, na jina lake limetujia kutoka Bara Hindi pamoja na chungu cha kukaangia. Sikumpa mtu alama zote. Nilichowapa ni kazi ya nyumbani: kila mmoja aende akawaulize wazee wake majina ya vyombo vyote vya kubebea mazao, aje nayo.

Wengi walirudi na majina matatu manne. Wengine walirudi na moja.

Sasa tulitazame neno pakacha, ambalo kila mwanafunzi wa sekondari amekutana nalo katika methali: kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Nimesoma insha za methali hii ambazo ndani yake pakacha ni mtungi, ni ndoo, ni kibuyu kilichotoboka, na maji yanamwagika njiani huku mchukuzi akipata wepesi. Siwalaumu waandishi wake. Kitenzi kuvuja kimewaelekeza kwenye maji, na hapakuwa na mtu darasani aliyewaonyesha kitu chenyewe. Watakuwapo watakaosema kwamba hapana dhara, mradi mwanafunzi amefahamu kuwa hasara ya mmoja ni faida ya mwingine. Mimi sikubali upesi hivyo, na nitaeleza sababu.

Pakacha husukwa kwa kuti bichi la mnazi. Msukaji hukata kipande cha kuti, akaupasua uti wake, akazipandanisha chane za majani mkono juu ya mkono mpaka likafunga kitako. Kazi hiyo hufanyika papo hapo chini ya mnazi, kwa muda wa mazungumzo mafupi, bila chombo zaidi ya kisu. Hutiwa maembe, machungwa, madafu, samaki, kisha hufungwa kwenye ncha mbili za mpiko na kupandishwa begani. Halikusudiwi kukaa. Kuti likikauka nyuzi hulegea, matundu hupanuka, na embe dogo hupenya likaanguka. Litakapofika sokoni limekwisha kazi yake, hutupwa. Naam, ndiyo maana linavuja. Ndiyo maana pia anayelibeba si mwenye mali: ni mchukuzi, mtu wa ujira, anayelipwa kwa safari wala si kwa idadi ya maembe yatakayofika. Kila embe linaloanguka ni la tajiri, na kila embe linaloanguka linampunguzia yeye uzito wa bega. Methali imebeba uhusiano mzima wa mwenye shamba na kibarua wake, pamoja na kicheko kidogo cha kibarua. Mwanafunzi aliyeweka mtungi mahali pa pakacha amepata maana ya juu, lakini kicheko hicho kimempita. Hawezi hata kujiuliza kwa nini mchukuzi haokoti kilichoanguka.

Mfano wa pili ni ungo, chombo bapa cha mviringo cha kupepetea nafaka. Tofauti na pakacha, ungo haujatoweka; vijijini ungali ukining'inia ukutani, na waliohamia mijini wamenunua wa plastiki. Lakini tazama msafara wa maneno unaoandamana nao. Kuna kupeta, kupepeta na kupembua. Kuna makapi, wishwa na chuya, ambavyo ni vitu vitatu tofauti kwa aliyewahi kupepeta mpunga, na ni uchafu mtupu kwa anayenunua mchele wa paketi. Msichana aliyebaleghe husemwa kuwa amevunja ungo. Wachawi wa hadithi zetu husafiri kwa ungo usiku. Na sisi wasomi, tunaojiona tumeupa ungo mgongo, tumekwenda kuukopa kimyakimya: serikali ikitaka kujenga bwawa au reli, kwanza huagiza upembuzi yakinifu. Mhandisi anayeitia saini ripoti hiyo huenda hajui kwamba jina la kazi yake lilitoka mikononi mwa mwanamke aliyekaa uani akitenga chembe na kapi.

Tenga, dohani na jamanda nitavipitia kwa haraka. Tenga husukwa kwa fito au pao ngumu, nalo ni la mizigo mizito na la kuku. Nchini Tanzania nyanya bado huuzwa kwa tenga, ingawa tenga la siku hizi aghalabu ni kasha la mbao zilizopigiliwa misumari. Jina limehama kutoka kusuka hadi useremala. Dohani ni kapu refu la matunda lililoundwa kwa vijiti na makuti, na jina lake ndilo hilohilo la bomba la kutolea moshi, kutokana na neno la Kiarabu la moshi. Mtu aliyetazama kapu lile refu akaona bomba alikuwa mshairi bila kujua. Jamanda ni la mviringo, lina kifuniko, husukwa kwa ukindu, na hutiwa chakula cha kupelekwa nyumba nyingine kwa heshima. Ukimpelekea mkweo vitumbua ndani ya pakacha umemtukana; ukimbebea kibarua makaa ndani ya jamanda umelitukana jamanda.

Kuna jambo jingine linalowaunganisha Waingereza wa Sussex nasi, nalo ni kipimo. Trug zilitengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, na zamani zilitumiwa pia kupimia nafaka. Chombo kinachojaa kwa kiasi kilekile kila siku hugeuka mizani ya maskini. Sisi tulikuwa na kibaba na pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Haba na haba hujaza kibaba, huimba watoto wa shule za msingi, na sijui ni wangapi kati yao wamewahi kukishika kibaba. Baadaye lilikuja debe, bati la mafuta ya taa lililokwisha mafuta. Leo katika masoko ya Kenya mahindi hupimwa kwa gorogoro, ambalo nalo lilianza maisha kama kopo la mafuta ya kupikia. Baadhi ya wenzangu huliona gorogoro kuwa neno la mtaani lisilofaa insha. Mimi naliona kuwa mrithi halali wa kibaba, na mwalimu anayelikata kwa kalamu nyekundu angefanya vyema kujiuliza ni neno gani jingine mama wa mwanafunzi huyo angelitumia sokoni.

Nalisema hilo ili nisieleweke vibaya. Siwaombi watu warudi kubeba mapakacha. Lugha iliyo hai hubadilisha vyombo vyake, na huko Uingereza kwenyewe jina la trug limekwisha hamia kwenye ndoo pana za plastiki laini, zenye mikono miwili, zinazouzwa madukani kwa bei nafuu. Kijana wa huko akisikia neno hilo yamkini huiwaza plastiki kwanza. Wakati huohuo ufundi wa trug za mbao umetiwa katika orodha ya kazi za mikono zilizo hatarini kupotea, inayotolewa na shirika la Heritage Crafts. Neno limeokoka na kitu kinazama. Kwetu mara nyingi ni kinyume: kitu kingalipo, kwenye paa la jiko la nyanya, na neno ndilo linalozama, kwa sababu shuleni kila kitu kimekuwa kikapu.

Na hapa nina lawama, nayo ni kwa watu wa taaluma yangu. Fasili inayoanza na kuishia kwa maneno "aina ya kikapu" si fasili. Ni mwandishi wa kamusi kuinua mikono. Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, alikuwa na makosa mengi, lakini mara nyingi hakuridhika kutaja kisawe tu. Alieleza kitu kilivyotengenezwa na nani alikitumia. Kamusi zetu za leo, zilizoandikwa na wenyewe wa lugha, zinapaswa kumzidi na si kumpungukia. Kwa chombo cha kubebea, fasili timamu haina budi kutuambia kimetengenezwa kwa nini, kina umbo gani, hutiwa nini, na hubebwa vipi: kichwani, begani, mgongoni au kiwikoni. Pakacha ni chombo cha muda kinachosukwa kwa kuti bichi la mnazi, cha kubebea matunda au samaki, aghalabu begani kwa mpiko. Maneno hayo hayazidi mistari miwili, na mwanafunzi aliyeyasoma hatatia maji humo.

Hubebwa vipi ndilo swali linalosahauliwa zaidi, ilhali ndilo linaloamua umbo. Kiondo, neno ambalo Kiswahili kimelipokea kutoka kwa Wakikuyu na Wakamba, kilikuwa na kamba ndefu kwa sababu kilibebwa mgongoni, kamba ikipita kichwani, na mikono ya mama ikabaki huru. Kilisukwa kwa nyuzi za magome ya miti kabla ya katani kuenea. Kilipofika mjini kikavishwa mikanda ya ngozi na kuhamia begani, kikawa kifupi wa kamba. Mkikuyu huyohuyo ana gitaruru kwa kupepetea, na hawezi kukichanganya na kiondo hata usingizini. Mjaluo ana adita. Mtoto anayeingia darasani na maneno hayo anajua tayari kwamba vyombo ni vingi; ni sisi tunaomfunza, kwa Kiswahili, kwamba ni kimoja.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wengi wetu tulitarajia siku hiyo kwamba kiondo na kapu vingerudi sokoni kwa kishindo. Vilirudi kidogo, kisha mifuko ya kitambaa cha viwandani ikajaza pengo. Mwaka huohuo mtaala wa umilisi ulianza kujaribiwa, nao umetenga nafasi ya kusuka na kufuma katika masomo ya sanaa. Nimeona kazi za watoto hao: vikapu vizuri vya karatasi na vya mabua. Ombi langu kwa mwalimu wa sanaa na mwalimu wa Kiswahili, ambao katika shule nyingi za msingi ni mtu mmoja, ni kwamba jina liandikwe ubaoni siku ileile kitu kinaposukwa, pamoja na vitenzi vyake: kusuka, kufuma, kupiga ukingo, kutia kitako. Hakuna gharama katika hilo.

Nami nimeanza kukusanya majina. Kutoka kwa walimu wa Kwale, Kilifi, Lamu na Tana nataka kujua kama pakacha la samaki na la maembe huitwa jina moja kwenu au mawili, na kama kuna anayejua bado kusuka dohani. Walio bara waniletee jina la chombo cha kupepetea kwa lugha ya nyumbani, kitengenezwacho kwa mmea gani, na kazi hiyo ni ya wanaume au ya wanawake. Barua zipitie kwa mhariri wa ukurasa huu, na mwenye mchoro wa penseli auambatishe.